Kifungu cha Watakaokuja

Twalib mwanangu,

Bibi yako ameshafunga sanduku lako na kulifungua sijui mara ngapi. Anatia dagaa, anatoa dagaa, eti watakukamata nao huko Lusaka. Shangazi yako kakununulia soksi za kutosha timu nzima na wa akiba. Kwa hiyo habari za soksi, dawa za malaria na kula kwa wakati mimi siziandiki, wenyewe wamezimaliza. Mimi nimewakimbia. Nimekuja huku dukani kwa baba yako, nimekaa nyuma kabisa juu ya katoni za hotipoti, na huko mbele namsikia anabishana na mama mmoja juu ya bei ya sufuria. Jua bado kali. Nikingoja jioni nitauona uso wako, na nikiuona uso wako sitasema la maana, nitakuuliza tu kama shati umelipiga pasi.

Naandika kwa sababu kesho sitakuja uwanja wa ndege kukuaga. Unajua tayari. Ulisema, "Hamna noma, Mama, nenda kikaoni," ukacheka. Mimi ndiye mwenye noma. Asubuhi utakapokuwa unapanda ndege, sisi marubani tutakuwa ukumbini tunaamua mkataba mpya na kampuni. Miaka yote hii nimepeleka watoto wa watu huku na huko angani, na siku ya mwanangu kuondoka niko kwenye kiti cha plastiki nanyoosha mkono. Na kibaya zaidi, nimeamka leo nikiwa hata sijui nitaunyoosha upande gani.

Ngoja niseme toka mwanzo, maana wewe umeyapata vipande vipande, kwenye grupu la wasapu na midomoni mwa watu.

Kampuni yetu ina hali mbaya, hilo si uongo wao. Ndege nyingine zimelala zinasubiri injini. Wakatuita wakasema, jamani, toeni kitu: ama mpunguzwe mishahara nyote, ama wale walioingia mwisho warudi nyumbani. Chama chetu kikachagua watu watano wakajadiliane nao, mama yako akiwa mmojawapo. Unakumbuka nilivyojisifu? Nikavaa lile gauni la harusi ya Mwajuma kwenda kukaa na wanasheria.

Tulikaa vikao mpaka chai ikawa inatuchukia. Hakuna kapteni aliyetaka mshahara wake uguswe, na hakuna aliyekuwa tayari kusema waziwazi kwamba wadogo waondoke. Tukakwama pale. Ndipo mimi, mke wa mfanyabiashara wa Kariakoo, nikapata akili.

Wewe umekulia humu dukani, unajua baba yako anavyofanya. Mteja wa kudumu akimng'ang'ania, baba yako hagusi bei ya kilichopo kwenye shelfu. Anamwambia, "Hiki siwezi, dada yangu, ila kontena liko njiani, mzigo ule nitakufikiria." Mteja anaondoka ameridhika, na baba yako hajatoa kitu mfukoni. Mzigo ulio baharini haumuumi mtu. Mtaa mzima huu unafanya hivyo, na sijawahi kuona ubaya wake. Basi nikasimama nikasema kwa sauti ya kujiamini kabisa: sisi tuliomo tusiguswe. Watakaoajiriwa baada ya hapa ndio waanze na mshahara wa chini, bima iwe ya mtu mwenyewe bila familia, na ajira iwe ya muda, ukiisha kampuni ikipenda inaongeza, isipopenda kwaheri.

Watu walipiga makofi. Kapteni Mushi, yule mcheshi ambaye kaka zake wana maduka ya vitenge hapo mtaa wa pili, alinipiga bega akasema, "Hawa, wewe ulikosea tu kuzaliwa Magomeni. Kwenu ni Moshi, kwa wafanyabiashara." Upande wa kampuni nao wakakubali papo hapo. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mteja akikubali bei kabla hujamaliza kuitaja, ujue kuna mahali umekosea. Lakini makofi yanalevya, Twalib. Nilirudi nyumbani nimenunua na tikiti maji.

Kifungu kikaandikwa. Kikaitwa cha watakaokuja. Na wallahi, mwanangu, haikunipitia kichwani hata mara moja kwamba mmoja wa watakaokuja anakula ubwabwa mezani kwangu.

Unaweza kuamini? Mimi mwenyewe siamini. Una leseni yako, umemaliza mafunzo, umekaa nyumbani unasubiri nafasi kwetu, kila asubuhi unaniuliza, "Mama, wameshatangaza?" Nakujibu bado, naingia kikaoni, nakuuza, narudi nakuita baba kama siku zote, nakuuliza umekula nini mchana. Nimejiuliza akili yangu ilikuwa wapi. Labda nilidhani watakaokuja ni watoto wa watu, na wewe ni wangu, wewe upo siku zote. Mkuki kwa nguruwe, basi ndio huo.

Ulipoisoma ile rasimu kwenye simu ya Neema, yule rubani wetu mdogo, ulinikuta jikoni nachambua mchele. Ukauliza, "Mama, hii ya watakaokuja nani kaileta?" Nikajibu, "Kamati." Hivyo tu. Sikunyanyua hata macho. Nawe hukuuliza tena, ukaenda zako kutafuta kazi kwingine. Uliporudi kusema umepata Lusaka, kwenye ndege za mizigo, nilipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia, na hata hapo sikukwambia ukweli.

Halafu juzi tukaenda Feri kununua samaki wa kukuagia. Tumesimama pale kwa wakaangaji, moshi umejaa, nimeshika samaki changu mmoja mzuri, nawe ukasema taratibu, "Kapteni Mushi alinisimulia kile kifungu ni chako. Anakusifia kweli." Nilitamani niingie kwenye lile karai la mafuta. Nikamrudishia mwenye samaki samaki wake, sijui hata kwa nini. Akaniuliza, "Mama, vipi tena, si tumeshaelewana?" Ukampokea samaki wewe, ukalipa wewe. Kisha ukaniambia neno ambalo limenivuruga kuliko yote: "Usinitie mimi kwenye kura yako. Kifungu kikianguka, Neema ndiye anarudi nyumbani. Mimi nimeshapata pa kwenda."

Ungenitukana ningejua la kufanya. Ningelia, ningeomba radhi, tungemaliza. Umenionea huruma, na huruma ya mtoto wako ni nzito kubeba.

Sasa nikueleze nilivyochanganyikiwa, maana hili ndilo usilolijua. Kamati tuko watano. Mushi na mwenzake wanataka tuwashauri wanachama waukubali mkataba. Wawili wengine wanataka ukataliwe. Wa tano ni mimi, na wanachama kwa kawaida wanafuata kamati inakoelekea.

Nikimsikiliza Mushi, naona ana haki. Mtoto wake mdogo anaumwa, hospitali haziishi, akipunguziwa mshahara sijui atashika wapi. Nikiwasikiliza wale wawili, nao wana haki. Wanasema, Hawa, kesho chumba cha rubani kitakuwa na watu wawili, ndege moja, wingu moja, mmoja mkewe ana bima na wa pili mkewe hana, na kampuni itakuwa inaomba Mungu yule wa bei ghali azeeke haraka. Kisha Neema akanijia hapa dukani, akakaa kwenye katoni hizi hizi. Unajua hali yake: ndiye aliyeingia mwisho, na mama yake kule Mbagala anamtegemea yeye. Alikuwa anakunja ncha ya mtandio wake, anakunjua. Akasema, "Shikamoo Kapteni. Sikuja kukuomba." Nikamwambia marahaba, kaa, unywe soda. Akanywa, akaondoka, kweli hakuomba. Loh! Bora angeomba. Mimi ninayewasuta wenzangu kuwa ni bendera zinazofuata upepo, wiki hii nimepepea kuliko wote.

Na kuna jambo la namba. Hili nataka ulishike vizuri, si kwa ajili ya kura, kwa ajili yako. Kwetu mtu haulizwi umri, anaulizwa namba yake kwenye orodha. Aliyeingia kwanza yuko juu, aliyeingia jana yuko chini, na orodha hiyo ndiyo inayoamua nani anachagua likizo, nani anapelekwa kwenye ndege mpya, nani anakuwa kapteni, nani anakula Idi kwao na nani anaila hotelini Mwanza na rubani mwenzake asiyemjua. Ukihama kampuni, namba huibebi. Unaanza mkiani. Kwa hiyo kesho unachukua namba Lusaka, na siku ukitaka kurudi nyumbani utakuta wenzako uliosoma nao, na wengine uliowafundisha hesabu wewe, wote wako juu yako. Umesaini kukaa nao kule miaka kadhaa kwa sababu watakufundisha ndege yao. Hiyo si likizo. Nilipokuwa napigiwa makofi, hayo nayo sikuyawaza.

Nisikufiche, hata huko nyuma sikuwa na uhakika kama unavyodhani. Mnaniona ninavyotembea na kofia yangu mnafikiri huyu anajua. Nilipokuwa rubani msaidizi tulienda Mtwara na kapteni mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa anatafuna karanga toka tunaruka mpaka tunatua. Mvua imeziba, uwanja hauonekani, tumezunguka mara ya kwanza, tumezunguka tena. Moyo ukaniambia tugeuze. Nilikuwa namwogopa yule mzee, ila nikasema, "Kapteni, mimi naona turudi." Akanitazama, akatema ganda la karanga kwenye kiganja, akageuza. Tumerudi Dar, abiria wanatusonya, mmoja ana maiti inamsubiri kwao azike. Hatujamaliza kushuka tukasikia kule kumetakata, jua linawaka, ndege ya wenzetu imetua bila shida. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamwomba radhi. Akaniuliza, "Ya nini?" Nikasema kumbe tungeweza kutua. Akasema, "Labda. Sasa tutajuaje?" Akaenda zake kunywa chai. Nilikasirika sana siku ile, nilitaka aniambie nilifanya vizuri au vibaya, aniambie moja. Mpaka leo yule bwana aliyekosa kuzika namkumbuka uso wake. Mpaka leo sijui. Ila wewe ukiwa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, ukaona jambo halikukalii, sema, hata kama kapteni ana mvi mpaka kwenye nyusi. Yeye ataamua, lakini awe amekusikia. Usije ukajibu "kamati" kama mama yako.

Na kingine, kwa kuwa nimeshaanza. Ukiletewa karatasi ya kusaini na watu wote mezani wanatabasamu, tafuta ni nani aliyetajwa humo na hayupo mezani. Yeye ndiye anayelipa. Ikiwa humwoni, rudia kusoma. Mimi sikurudia.

Leo wakati wa chakula nilimwuliza baba yako nifanye nini. Unamjua. Akasema, "Mimi nauza sufuria, mambo ya angani usinitie." Nikamwambia kuna kitu kinanizunguka kichwani, wala sijui kama ni akili au ni wazimu. Nikamwambia nafikiria kusimama kesho, nikitoe kile kifungu mwenyewe kwa kuwa niliileta mwenyewe ile hoja, halafu niseme sisi makapteni tulio juu ya orodha ndio tukatwe, kwa muda, mpaka ndege zirudi angani. Juu ya orodha, siyo wote. Mushi yuko katikati, asiguswe. Neema abaki, na atakayekuja aje kwa mkataba ule ule tulionao sisi.

Baba yako aliacha kutafuna. Kodi ya ile fremu ya pili ya duka kule uchochoroni inatoka kwenye mshahara wangu, hilo unalijua. Akapangusa mikono, akasema, "Basi fremu ya uchochoroni tutairudisha kwa mwenyewe. Hata hivyo inavuja." Nikamwambia makapteni wenzangu watanila nyama. Akasema, "Watakula, halafu watashiba." Nikataka kumbusu pale pale mbele ya wapagazi. Halafu akanitazama akasema, "Lakini Hawa, usiseme unafanya hivyo kwa ajili ya Twalib. Twalib anaondoka."

Hilo ndilo limenikalisha kwenye hizi katoni.

Kwa sababu nikijikagua ndani, mwanangu, sioni mpaka uko wapi. Ningekuwa na mtoto anayeuza vitenge, au daktari, ningesimama kesho? Au ningekubali mkataba, nikanunua tikiti maji jingine? Watasema Kapteni Hawa kageuka kwa sababu ya mwanawe, na huenda ni kweli. Uliniambia nisikutie kwenye kura yangu. Nimejaribu. Nimejaribu kukutoa kama mtu anavyotoa mwiba wa samaki kooni, naumia tu, hautoki. Nimeamua kukuacha humo humo. Nisamehe kwa hilo, na kwa lile la jikoni. Aliyekileta kile kifungu ni mimi, Twalib. Mimi mama yako. Nilitakiwa kukujibu hivyo siku ile, na mchele ukingoja.

Kwa hiyo kesho nitasimama. Watanizomea, labda watanishinda, makapteni wa juu ni wengi wa midomo. Sijui itakuwaje. Wakinishinda, nitakuwa nimejiaibisha bure na wewe umeondoka bila kukuaga. Wakikubali, kampuni nayo ikikubali, siku moja watatangaza nafasi, kwa mkataba mzuri, bima ya familia na kila kitu, na ile namba iliyo chini ya Neema itapata mwenyewe.

Na hutakuwa wewe. Nimeligeuza jambo hili huku na huku, halina mlango. Atakuja mtoto wa mama mwingine, wa Temeke, wa Tanga, sijui wa wapi, nitakaa naye chumba kimoja, nitamfundisha upepo wa Mtwara na ukungu wa Mbeya. Nimelia, Twalib. Nimelia humu dukani mpaka mama wa sufuria akanyamaza, na baba yako akamwambia nina mafua. Mama wa watu akapandisha bei mwenyewe, kwa huruma.

Huyo mtoto akija ataniamkia, "Shikamoo Kapteni," na mimi nitaitikia marahaba. Nitamwonyesha kiti cha kulia, nitamwambia kaa, baba. Naye hatajua kwa nini nimemwita baba.

Nenda salama mwanangu, ukaruke vizuri.

Mama yako,
Hawa